Chumvi Ndani ya Shubiri

Kibarani, Kilifi
6 Machi 1989

Mke wangu Mapenzi,

Salamu ninazo, lakini leo sizitoi. Ukizitaka kaiombe hiyo mashine yako.

Barua yako imefika. Nimeisoma, kisha nikavaa miwani ya marehemu bibi yako nikaisoma tena, nikidhani labda macho yangu yameruka mstari. Hayakuruka. Shubiri umeitaja tangu juu hadi chini: shubiri ikaukeje, shubiri ifungweje, shubiri isichemshwe. Kabibi, mtoto uliyemzaa mwenyewe, umemtaja mwishoni kabisa, pembeni, pale ambapo watu huandika "samahani kwa mwandiko". Umesema, "Mbusuni mtoto." Tumbusu sisi? Midomo yako umemwazima nani?

Haya, babu yako ni mjinga. Niliacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu alinitaka nihesabu machungwa ambayo hayakuwapo. Nikamwambia, lete machungwa tuhesabu. Akaleta kiboko. Kwa hiyo nieleze mimi mjinga: umevuka bahari, umemwacha mtoto wa mwaka na nusu, ili ukapime utomvu wa mshubiri unaoota hapa nyuma ya choo changu? Si ungeupima hapa hapa? Tena shubiri hiyo hiyo uliyojipaka kifuani ukamwachisha ziwa, kisha ukapanda ndege! Jedida shangazi yako akiulizwa na majirani unasomea nini, hujibu "sayansi" halafu huingia jikoni haraka kabla hawajauliza la pili.

Kopo la tatu nimelituma. Karani wa posta aliuliza, "Mzee, hii nyeusi ni nini?" Nikamwambia, ni uchungu, nauli yake kiasi gani? Hakucheka. Watu wa bara hawa.

Na kuhusu watu wa bara: Thuku wako alikuja. Bado ni karani kwenye kampuni ya chumvi kule Marereni, bado ameokoka, bado anakaa kwenye kiti kama mtu anayepigwa picha. Anasema kazi yake inahamishiwa Thika kabla ya mwisho wa mwaka, naye anataka kwenda na mtoto wake. Anamwita Wanjira! Jina la mamake! Nikamwambia, "Kijana, hapa hakuna Wanjira, hapa kuna Kabibi. Tembo lako la mnazi halijanywewa katika nyumba hii. Mtu asiyeleta mnazi wa posa hana mke, na asiye na mke hana mtoto. Lete mnazi tuongee." Mlokole atabeba mnazi? Nilicheka mpaka akaondoka.

Lakini wewe usicheke. Rudi.

Mumeo mzee,
Randu wa Mwambire

*

Upsala, Uswidi
29 Machi 1989

Kwako Tsawe,

Shikamoo. Mimi, babu, salamu sizifichi, hata nikiwa nimekasirika.

Umeniuliza ninapima nini, nami nitakujibu kana kwamba umeuliza kwa adabu. Kuna uzi wa kioo, mwembamba kuliko unywele, na ndani yake mna tundu. Tunaujaza maji yenye dawa, tunauonjesha tone la shubiri kwenye ncha moja, kisha tunapitisha umeme mkali toka ncha hadi ncha. Vilivyomo ndani ya shubiri hukimbia, kila kimoja kwa mwendo wake. Mwishoni pana taa inayoviona vikipita, na kalamu inayochora mlima kwa kila kimoja. Kile kinachofanya shubiri iwe chungu kina mlima wake peke yake. Nikiiweka shubiri katika maji vuguvugu na kuipima tena na tena, mlima huo unapaswa kupungua huku mingine ikiinuka kando. Kazi yangu ni kujua unapungua kwa mwendo gani. Ninapima uchungu unavyokufa, Tsawe. Ndiyo hiyo sayansi ya Shangazi Jedida.

Na kazi imenishinda. Makopo yote matatu ni yale yale. Milima inalala ubavu kama walevi, mmoja juu ya mwingine, sijui wapi huyu anaishia na yule anaanzia. Umeme unapanda ghafla na uzi unapata moto. Shubiri ya dukani, iliyotoka kwingine, inakwenda sawa. Yako tu ndiyo inayokataa, na kazi yangu yote imeandikwa juu ya mshubiri wa Kilifi. Profesa wangu amesema mbele ya wenzangu wote kwamba kosa halimo kwenye mashine, bali kwenye mikono isiyojua kuosha vyombo. Mikono hiyo ni yangu. Nimepewa mpaka Septemba. Nisipokuwa na matokeo, ufadhili unakatwa na ninarudishwa mikono mitupu. Hiyo ndiyo "rudi" unayoitaka?

Basi niambie ukweli: unaikausha vipi? Kuna kitu chochote kinachoingia humo? Chochote.

Na Kabibi. Unasema simtaji. Wewe umejaza karatasi kwa Thuku na karani wa posta, lakini yeye hujasema anakula nini wala anasema nini. Ananiulizia?

Mjukuu wako,
Mapenzi

*

Kibarani
20 Aprili 1989

Mke wangu,

Mwambie huyo profesa kwamba mikono yako niliiosha mimi, ulipokuwa huwezi kujipangusa kamasi. Mwambie aje hapa nimwoneshe chombo kichafu ni kipi, kisha nimvike kichwani. Kumbe wamekutoa kwetu ukiwa mwanamke mzima ili wakuambie hujui kuosha kikombe! Hasira iliyonishika niliimalizia kwa jogoo wa jirani, na sasa jirani hanisemeshi.

Ukaushaji ni ule ule wa bibi yako. Nalikata jani chini, nalilaza juu ya sufuria lijichuruzishe lenyewe. Silikamui, jani si ng'ombe. Sichemshi. Naanika kivulini mpaka utomvu uwe mgumu, mweusi, unaong'aa. Ni hayo tu. Mambo mengine ni ya mkono wa mganga, hayaandikwi kwenye barua inayopita kwa makarani.

Kabibi anakula kuliko mimi. Anakutaja kutwa. Asubuhi "mama", jioni "mama", mpaka masikio yanatuuma. Usiwe na wasiwasi.

Thuku amekuja tena. Safari hii nimemsomesha. Nimemwambia mnazi wenyewe uwe wa kibuyu, usiwe wa chupa, na aje na wazee wawili wa kwao wenye mvi. Na akibebe kibuyu mwenyewe, kichwani, toka barabara kuu, watu wa kanisa lake wamwone. Uso ulimbadilika rangi. Nilifurahi sana, sikufichi.

Nakutumia kopo lingine. Huyo profesa mfungulie puani.

Randu wa Mwambire

*

Upsala
11 Juni 1989

Tsawe,

Ni chumvi.

Niliacha tone la shubiri yako likauke juu ya kipande cha kioo, kwa bahati tu, kwa kuchoka. Nilipoliangalia kwa hadubini niliona vijisanduku vyeupe vimejipanga, pembe kwa pembe. Mtoto aliyekulia kati ya Kilifi na Marereni hafundishwi chumvi ikoje. Nilikaa chini sakafuni. Kisha nikapima makopo yote. Yote! Hata la kwanza. Chumvi ndiyo inayobeba umeme wote, ndiyo inayouchoma uzi, ndiyo inayoilaza milima yangu. Tangu nifike hapa nimeosha vyombo mpaka ngozi ya vidole imetoka. Nimelia chooni. Nimemwomba radhi mtu kwa kosa ambalo halikuwa langu. Na nilikuuliza! Nilikuuliza waziwazi, kuna kitu chochote kinachoingia humo, ukanijibu kwa mzaha na majani yasiyo ng'ombe.

Ulitaka nishindwe. Sema. Ulijua nikishindwa nitarudishwa, ukaona njia fupi ni kuiharibu kazi yangu kwa mkono wako huo wa mganga. Wengine wana babu wanaowaombea dua.

Na si hilo tu. Shangazi Jedida ameniandikia, na picha ameleta. Anasema mtoto anamwita yeye mama. Anasema walipomwonesha picha yangu aliuliza, "Huyu nani?" Wewe ukaniandikia "asubuhi mama, jioni mama". Hukusema uongo, eti? Kweli anaita mama kutwa. Ila si mimi. Umecheza na maneno juu ya kitu hicho, Tsawe. Juu ya hicho!

Nitumie shubiri isiyo na kitu. Barua usiweke. Sitaki kusoma mwandiko wako.

Mapenzi

*

Kibarani
2 Julai 1989

Mapenzi,

Umesema nisiandike. Naandika. Hii ni nyumba yangu, wino ni wangu, na kama hutaki kusoma fumba macho.

Nilitia chumvi, ndiyo. Kila kopo, konzi moja, chumvi ya Marereni, niliisaga mwenyewe. Na siombi radhi! Wewe umesoma mpaka umesahau? Marehemu bibi yako alipowapa dawa wanaokwenda mbali, manamba wa mkonge, askari, hata yule mwizi aliyekuwa akikimbilia Lamu, alitia chumvi ya nyumbani ndani yake. Dawa ya msafiri haitoki mlangoni bila chumvi. Anayelamba chumvi ya kwao hurudi kwao. Wewe mwenyewe ulimshikia kinu akisaga. Nilidhani unajua. Nilidhani mtu akitumiwa shubiri na babu yake, hata awe na mashine kumi, hulamba kidogo pembeni. Nani angefikiri mtu anaimwaga dawa yote kwenye tundu la unywele, haonji hata kwa ncha ya kidole?

Ulipouliza, sikusema, kwa sababu chumvi ya msafiri haisemwi. Ikisemwa imekufa. Sasa umenisemesha, imekufa, furahi.

Eti nilitaka ushindwe. Mimi! Niliyegombana na ukoo mzima uende shule wakati baba yako anataka uchunge mbuzi! Nilitaka urudi. Kurudi na kushindwa ni vitu viwili, ila wewe huko umevifunga kamba moja. Hilo ndilo limeniuma. Lingine lote nimelizoea.

Kuhusu mtoto: ndiyo, nilikudanganya. Ungeandikaje wewe? "Mwanao amekusahau, wako mtiifu"? Nilijaribu, kalamu ikakataa, nikaiachia ikaandika itakavyo. Picha yako tumeitundika kwenye mlango. Kila akipita Jedida humwambia, huyo ni mama. Yeye hujibu, "Huyo ni mlango."

Kopo hili halina kitu. Nimelikausha uchi kama lilivyozaliwa. Ni mara ya kwanza dawa kutoka hapa kwenda ng'ambo bila chumvi. Ukipotea huko usinilaumu, ulaumu uzi wako wa kioo.

Randu

*

Upsala
8 Oktoba 1989

Kwako Tsawe,

Shikamoo. Bado nina hasira, lakini mimi salamu sizifichi.

Kopo lilifika na milima ikasimama. Siku ya kwanza tu. Mirefu, myembamba, kila mmoja na nafasi yake, kama minazi ya shamba lililopimwa. Niliweka shubiri yako katika maji yenye joto la mwili wa mtu, nikaipima mpaka kalamu ikaisha wino. Profesa alikuja, akasimama nyuma yangu, akaangalia. Hakuomba radhi. Alisema, "Sawa, sasa umeosha." Nilikuwa na la kumjibu, lile la kopo puani, nikalimeza kwa ajili ya cheti.

Nitakuambia nilichokiona, kwa sababu ni shubiri yako. Uchungu haupungui kwa kiasi kile kile. Unaanza kwa haraka, nusu yake inakwenda. Kisha inachukua muda ule ule kuondoka nusu ya ile nusu. Kisha nusu ya robo. Mlima unazidi kuwa kilima, kichuguu, mkunjo tu kwenye karatasi. Kwa hesabu hauishi kabisa. Kwa ulimi unaisha.

Uliniuliza kwa nini nisingepima hapo hapo nyuma ya choo. Sikukujibu kwa sababu ungenicheka. Siku ile nilipojipaka, Kabibi alinyonya, akakunja uso, akanitazama. Hakulia. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa na anayemjua mwizi. Akaja tena, akaonja, akanitazama tena. Nikapanda ndege na uso huo. Wenzangu walipochagua mimea yao mimi nilisema shubiri, wakadhani ni uzalendo. Nilitaka kujua uchungu ule unakaa kwa muda gani. Basi. Nimevuka bahari kwa hilo, na wewe ukanipa konzi la chumvi.

Wanataka nibaki miaka mingine, nifanye udaktari. Nimekataa, au tuseme nimesema nitajibu nikiwa nyumbani, na wamenuna. Nafika Desemba. Mwambie Thuku asimguse mtoto kabla sijafika. Umzuie kwa lolote, kwa mnazi, kwa jogoo, kwa ulimi wako. Hiyo ndiyo kazi pekee ninayokupa, na safari hii ifanye kama nilivyosema.

Na unitumie kopo moja lenye chumvi. Si la mashine.

Mapenzi

*

Kibarani
5 Novemba 1989

Mapenzi, mke wangu,

Soma barua hii ukiwa umekaa.

Kopo lenye chumvi sikutumii. Kabibi hayupo.

Thuku alikuja. Nilikuwa nimetoka kupalilia, jua limenikausha mpaka ulimi umegandamana na kaakaa, naingia uani naona kibuyu. Kibuyu, Mapenzi, kikubwa, kimefungwa mdomo kwa majani, kimewekwa kivulini juu ya kiti changu mwenyewe. Na mrija wake pembeni. Nikasema, Mungu hamsahau mzee wake. Sikuangalia kulia wala kushoto. Nikachomeka mrija nikanywa. Laiti ungekuwa mchachu! Ulikuwa mtamu, umegemwa asubuhi ile ile, nikavuta mpaka nikasikia chini kunakoroma. Ndipo sauti ikatoka barazani: "Ahsante, babu. Umenipokea."

Alikuwa Thuku. Ameketi na wazee wawili wa kwao, wana mvi kama nilivyoagiza, wote wananitazama. Alikibeba kichwani toka barabara kuu. Watu wa kanisa lake walimwona, na inasemekana mchungaji amemtenga. Alifanya kila nililomdhihakia, mpaka la mwisho. Nilimfundisha mimi!

Najua. Mnazi wa posa haunywewi kabla binti hajaulizwa, "Ninywe, nisinywe?" Najua kuliko unavyojua wewe. Siku ile kiu ilijua zaidi. Nilitaka kuutapika, Jedida akasema, baba usituaibishe mara mbili. Niliwatukana wale wazee matusi yote ya Kigiriama ninayoyajua, wakawa wanatikisa vichwa kwa heshima, hawakuelewa hata moja. Lakini mdomo wangu ulikuwa na povu la mnazi wake. Nitasema nini? Nilisema mwenyewe, mbele ya majirani: lete mnazi, una mtoto. Ameleta. Jedida alifungasha nguo za mtoto bila kunisemesha, na mpaka leo ananipa chakula kwa kukisukuma na mguu.

Sasa nitukane. Nakupa nafasi. Tukana hadi chini ya ukurasa.

Umemaliza? Sikiliza. Ndege yako inatua Nairobi. Usije Kilifi. Thika ni hapo hapo pua na mdomo, nenda. Karatasi ya mahali anapokaa Thuku nimeifunga humu ndani, aliiandika mwenyewe bila kuombwa. Si mtu mbaya, na hilo linaniudhi zaidi.

Alipokuwa amembeba getini, nilisema ngoja. Nikaingia ndani nikachota chumvi. Nilimlambisha Kabibi kwa kidole. Akatema. Nikamlambisha tena, akakunja uso, akanitazama. Mapenzi, sasa ndio nimeujua uso ulioniandikia. Kisha akameza.

Basi naye amelamba. Lakini chumvi huita tu, haina miguu. Wa kwenda kumchukua ni wewe. Njooni wawili. Ukija peke yako na karatasi zako za milima, sifungui mlango, maana picha yako iko juu yake, nayo inanitosha kunitazama vibaya.

Randu wa Mwambire

*

SIMU YA MAANDISHI
Kutoka: Thika, 16 Desemba 1989
Kwa: Randu Mwambire, Kibarani, Kilifi

MNAZI ULIUNYWA WEWE MIMI SIKUULIZWA. NIMEMWAMBIA THUKU AKUOE WEWE. TUNATOKA LEO WAWILI. KABIBI ANALIA. ANANIITA MLANGO. HASIRA ZANGU ZIKO PALE PALE. WEKA CHUMVI.
MAPENZI